Redio za ridhaa: nenda klabuni kwanza, redio utanunua baadaye

Fundi_Waya (mleta uzi)

Wakuu, heri kwenu nyote.

Kila baada ya muda hutokea mtu humu anaulizia zile redio za mkononi za Baofeng: zinauzwa wapi, zinafika umbali gani, naweza kuongea na ndugu yangu aliyeko mji wa pili? Majibu huwa ya bei na betri. Leo naomba nianzie kwingine kabisa, kwa sababu jambo hili nalipenda na inaniuma kuona watu wanalikatia tamaa kabla hawajalionja. Ushauri wangu ni mmoja: usinunue redio. Tafuta klabu, kaa na watu, halafu leseni, halafu ndipo redio.

Mimi ni Mtanzania, naishi Ohio, ni mwanachama wa klabu ya redio za ridhaa ya kaunti yetu. Nitaeleza ya huku kwa kuwa ndiyo ninayoyaishi. Walioko Kenya, nyumbani Tanzania, Uarabuni na kwingineko naomba mchangie ya kwenu.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini. Redio ya ridhaa si kituo cha matangazo, wala si redio koli ya walinzi. Ni huduma inayotambuliwa kimataifa: mtu binafsi anafanya mtihani, anapewa leseni na kitambulisho chake cha hewani, yaani herufi na namba za kujitambulisha, kisha anaruhusiwa kurusha kwenye masafa yaliyotengwa kwa ajili hiyo. Biashara hairuhusiwi, muziki hauruhusiwi, kuficha maana ya ujumbe kwa lugha ya siri hakuruhusiwi. Unachoruhusiwa ni kikubwa: kujenga mtambo kwa mikono yako mwenyewe, kujaribu, kuongea na mtu wa nchi yoyote aliye na leseni. Umoja wa vyama vya redio za ridhaa duniani, IARU, uliundwa Paris tarehe 18 Aprili 1925, na mpaka leo tarehe hiyo ndiyo siku yetu.

Sasa kwa nini nasema usinunue redio. Redio ya mkononi inarusha wati 5 hivi, tena kwenye masafa yanayokwenda moja kwa moja bila kupinda. Ukiwa ndani ya fleti, kuta pande zote, unaweza usisikike hata mtaa wa tatu. Kinachoifanya ifike kaunti ya jirani ni ripita, yaani mtambo ulio juu ya mnara, unaosikia sauti yako kwenye masafa fulani na kuirusha papo hapo, kwa nguvu zaidi, kwenye masafa mengine. Kwenye bendi, yaani kundi la masafa, ya mita 2 tofauti ya masafa hayo mawili huku kwa kawaida ni kilohezi 600, na ripita nyingi hazifunguki mpaka redio yako itume pamoja na sauti mlio mdogo wa chini ambao sikio halishughuliki nao. Mtu wa peke yake hununua redio, hubonyeza, hasikii kitu, huiweka kabatini. Na ule mnara, umeme wake, antena yake, fundi anayepanda kuitengeneza radi ikiipiga, vyote hivyo ni klabu.

Kuipata si kazi. Tovuti ya ARRL, chama cha taifa cha huku kilichoanzishwa mwaka 1914, ina sehemu unaandika namba ya posta ya unapoishi na klabu za karibu zinajitokeza. Nyingi hukutana mara moja kwa mwezi, kwenye ukumbi wa kanisa, maktaba au kituo cha zimamoto. Huhitaji leseni kuingia. Kutakuwa na ripoti ya mweka hazina, habari za ripita, halafu mtu mmoja atafundisha jambo. Wengi utakaowakuta ni wazee waliostaafu: mafundi simu, walimu, madereva wa malori. Mara nyingi mimi ndiye Mwafrika peke yangu ukumbini. Wasalimie, sema wazi kwamba unataka kujifunza, na mkutano ukiisha usikimbilie gari. Ile nusu saa ya kahawa baada ya mkutano ndiyo darasa lenyewe. Kuna klabu baridi pia, ambako watu wanajuana wao kwa wao na mgeni anaachwa kwenye kona. Ukikuta ya namna hiyo, nenda ya kaunti inayofuata, zipo.

Nilichopata pale ni mlezi. Mzee mmoja fundi simu alinifundisha kulehemu kiungio cha waya wa antena mpaka kikashika vizuri, kisha akanifundisha kukata antena ya waya. Hesabu yake ni hii: chukua 143, gawanya kwa masafa ya megahezi, unapata urefu wa waya wote kwa mita. Kwa megahezi 14.2 ni mita 10 na kidogo, yaani mita 5 kila upande, katikati unafunga waya wa kwenda redioni. Unaacha ziada kidogo, unaitundika, unapima, unapunguza, unapima tena, kwa sababu ardhi, miti na bati la nyumba vyote vinaivuta. Waya wa umeme wa kawaida unatosha. Antena ya namna hiyo, ikitundikwa juu kati ya miti miwili, inafika Ulaya, na hali ikiruhusu inafika nyumbani.

Nataka nikae kidogo kwenye Field Day, zoezi letu la kila mwaka, maana hapo ndipo nilipoelewa klabu ni nini. Wikiendi kamili ya nne ya Juni, klabu za Marekani na Kanada huhamia nje, bustanini, mashambani, kwenye viwanja vya maonyesho. Jumamosi saa nane mchana kwa saa zetu kazi inaanza, inakesha mpaka Jumapili mchana. Umeme ni jenereta, betri na sola, kwa sababu lengo ni kujua kama tutaweza kuwasiliana siku ambayo umeme wa taifa umekatika. Kila kundi hujitambulisha kwa ufupi. Sisi husema "3A Ohio": klabu iliyoko nje ya jengo, vituo vitatu vinavyorusha kwa wakati mmoja, jimbo la Ohio. Yule wa upande wa pili anatoa ya kwake, mnaandika, mnaachana, unaita mwingine.

Pembeni huwekwa kituo cha wageni. Hapo asiye na leseni anaruhusiwa kushika maikrofoni mradi mwenye leseni ameketi ubavuni akisimamia. Mimi nilirusha sauti yangu kwa mara ya kwanza pale, kabla sijafanya mtihani. Mzee aliyenisimamia alinionyesha kuzungusha kitufe cha masafa polepole hadi sauti ya mtu inaacha kuwa kama ya bata na kuwa ya binadamu, na yule binadamu alikuwa Manitoba, Kanada, akiniuliza nimempokeaje. Tulikuwa tumepeleka chapati na mchuzi wa nyama. Ziliisha kabla ya jua kuzama, na watu ambao mikutanoni tulikuwa tunapeana salamu tu wakaanza kuniuliza antena ielekezwe wapi ili kufika Tanzania. Wakaleta ramani ya duara ambayo Ohio iko katikati. Tanzania iko nyuzi 73, mashariki ukiegemea kaskazini, umbali wa zaidi ya kilomita 13,000. Ramani ya ukutani ingekufanya uelekeze kusini-mashariki. Lakini dunia ni mviringo, na njia fupi inavuka Atlantiki, inaingia Afrika kupitia Moroko na kukatiza Sahara. Sikulala usiku ule.

Mtihani wenyewe usikutishe. Daraja la kwanza huku linaitwa Technician: maswali 35 ya kuchagua, ukipata 26 umefaulu, na maswali yote yanayoweza kuulizwa, zaidi ya 400, yako hadharani pamoja na majibu. Morse, ile lugha ya milio mifupi na mirefu, haitakiwi tena, iliondolewa kwenye mitihani yote ya Marekani mwaka 2007, ingawa wengi tunajifunza kwa mapenzi. Wasimamizi ni wanachama wenye leseni wanaojitolea, wasiopungua watatu. Ada ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ni dola 35, na wasimamizi wanaweza kuongeza kidogo ya karatasi. Leseni inadumu miaka 10. Technician inakupa bendi zote za juu na kipande cha sauti kwenye mita 10, megahezi 28.3 hadi 28.5. Daraja la pili, General, linafungua sehemu kubwa ya masafa mafupi, na maswali yake pia ni 35.

Halafu kuna baraza la hewani. Kila wiki, usiku mmoja, klabu inakutana kwenye ripita na msimamizi anaita. Unabonyeza, unasubiri kama sekunde moja ripita ifunguke, unataja kitambulisho chako polepole, jina na mji, unaachia. Unangoja kuitwa. Ukiwa na la kusema unasema, ukiwa huna unashukuru. Lafudhi isikutie hofu hata kidogo. Redio ina alfabeti yake, Alfa, Bravo, Charlie, Delta, na kila herufi ikitajwa kwa neno lake, Mjapani, Mbrazili na Msukuma wanaelewana hata kwenye kelele.

Karibuni kwa maswali.

Mzaramo_Halisi

Mkuu umeandika vizuri ila faida sijaiona. Simu ninayo, bando ninalo, mama yuko Singida nampigia kwa video. Redio ya nini mwaka huu?

Fundi_Waya

Mkuu, ni swali la haki. Kwa kuongea na mama, simu inatosha na hata mimi ndiyo ninayotumia. Lakini unakumbuka Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilivyosuasua Tanzania na kwa majirani. Septemba mwaka huohuo kimbunga Helene kiliipiga North Carolina upande wa milimani. Umeme ukaenda, simu zikanyamaza, barabara zikasombwa. Ripita ya redio za ridhaa ya Mlima Mitchell, megahezi 145.190, ikawa ndiyo njia ya watu kuomba msaada na kuulizia jamaa zao siku baada ya siku. Mwaka 2017, baada ya kimbunga Maria, Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba watu kutoka ARRL, na waliojitolea 22 wakaenda Puerto Rico na redio zao. Hawa hawakujifunza siku ya kimbunga. Walikuwa wanafanya mazoezi kila wiki kwenye mabaraza niliyoyaeleza, ambayo kwa mtu wa nje yanaonekana ni wazee wanasalimiana.

Na nikuambie ukweli, dharura siyo iliyonivuta. Kwenye simu nampigia ninayemjua. Hewani naita bila kujua nani atajibu, na anayejibu amenisikia kwa waya alioutundika mwenyewe, bila kampuni yoyote kati yetu. Jua likiwa na madoa mengi masafa yanafunguka, yakipungua yanafunga. Mzunguko wa jua tulio nao, wa 25, ulianza Desemba 2019, na Oktoba 2024 wanasayansi wa NASA na NOAA walitangaza kwamba jua limefika kipindi cha kilele. Miaka hii ndiyo ya kuonja mita 10, maana mtu wa daraja la kwanza kabisa anaweza kuvuka bahari kwa wati chache.

Mama_Wawili

Kaka habari. Niko Houston, nina kadi ya kijani, uraia bado. Wanatoa leseni kwa mgeni? Halafu nimesikia anwani yako inawekwa wazi mtandaoni. Naishi na watoto peke yangu, hilo limenikalisha macho.

Fundi_Waya

Dada yangu, uraia si sharti. Anayezuiwa ni mwakilishi wa serikali ya kigeni tu. Unatakiwa uwe na anwani ya posta ndani ya Marekani na barua pepe. Kabla ya mtihani jisajili FCC mtandaoni upate namba inayoitwa FRN, ndiyo utakayoandika kwenye fomu badala ya namba yako ya Social Security.

Kuhusu anwani umesikia sawa, na ni jambo ambalo watu wanachelewa kuambiwa. Yeyote mwenye kitambulisho chako anaweza kuisoma anwani uliyoandika kwenye leseni. Kwa hiyo fungua sanduku la posta kabla, usije ukabadilisha baadaye huku ile ya kwanza imeshanakiliwa kwenye tovuti nyingine. Hata mimi kitambulisho changu sikiandiki humu kwa sababu hiyo. Na ukienda klabuni nenda na watoto. Kwetu watoto ndio wanaopenda kusaka mtambo uliofichwa: mtu anaficha kirushio kidogo bustanini, wengine mnakitafuta kwa antena za mkononi. Antena zenyewe tunazitengeneza kwa futi ya chuma ya fundi iliyokatwa vipande na bomba la plastiki la maji.

Mtoto_wa_Bukavu

Jambo kwenu wote. Miye niko Dayton, natokea Bukavu. Mutu anaweza kusema Kiswahili hewani, ao ni Kiingereza tu?

Fundi_Waya

Jambo ndugu, karibu sana, sisi ni majirani. Kiswahili ni ruksa kabisa. Sheria ya hapa inataka kitambulisho ndicho kitajwe kwa Kiingereza unapotumia sauti, angalau kila dakika 10 na mwishoni mwa mazungumzo. Mengine yote semeni kwa lugha yenu. Ila kwenye ripita ya klabu ongea na wenyeji wake kwanza, wajue ni nani na ni lugha gani, ni heshima tu. Jambo la kuangalia zaidi ni kumpa maikrofoni mtu asiye na leseni aongee na nchi nyingine. Hilo linahitaji makubaliano kati ya nchi hizo mbili, kwa hiyo pitia orodha ya FCC kabla ya kumwita shemeji aje asalimie.

Na kwa kuwa uko Dayton una bahati ambayo watu wanapanda ndege kuifuata. Kila Mei pale Xenia, mwendo mfupi kwa gari, kuna Hamvention, mkusanyiko unaoleta zaidi ya watu 30,000. Kuna uwanja mzima wa vifaa vya mitumba. Nenda na mwanaklabu mkongwe anayejua kupima mtambo kabla hujatoa hela. Redio nyingi nzuri pale ni za wazee waliofariki, familia zinauza, na mwenye jicho anaijua iliyotunzwa.

Babu_Kigoma

Vijana mmenikumbusha mbali. Nilitumika hospitali ya misheni upande wa magharibi mwa Tanzania, kabla simu hazijafika. Redio ya upepo ilikaa ofisini kwa mganga mkuu, inatumia betri ya gari, waya umetandazwa kati ya miembe miwili. Asubuhi tulikuwa tunapanga zamu hewani kuwapata AMREF, madaktari wa ndege, pale uwanja wa Wilson, Nairobi. Daktari wao anasikiliza maelezo ya mgonjwa, anatoa ushauri, na ikibidi ndege inakuja.

Ile haikuwa ya ridhaa, ilikuwa na leseni ya kazi. Lakini adabu aliyoieleza mleta uzi ni ileile: bonyeza, ngoja, sema kwa ufupi, achia. Aliyeng'ang'ania kitufe alikuwa anamzuia mwenzake ambaye ana mama anatoka damu. Sisi tulifundishwa hivyo na masista, na tulishika. Nafurahi kusikia kuna watu bado wanakutana kila wiki kufanya zoezi hilo bila kulipwa.

Fundi_Waya

Shikamoo babu. Haya ndiyo niliyotamani yaandikwe humu. Ukipata nafasi tuandikie zaidi kuhusu ile redio ya upepo.

Mkaazi_wa_Nyali

Hamjambo nyote. Niko Mombasa, nina leseni ya Kenya. Naongezea ya upande huu.

Vitambulisho vya Kenya huanza na 5Z, Tanzania 5H, Uganda 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U, Kongo 9Q. Kwetu leseni hutoka Communications Authority, na chama chetu ni Amateur Radio Society of Kenya. Tanzania ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko. Tuko wachache sana, na uchache huo una raha yake: ukiita kutoka hapa jioni, Ulaya yote hukurukia kwa pamoja, na lazima ujifunze kuwapanga. Unachukua wenye herufi fulani kwanza, unawaomba wengine wasubiri. Hilo nililifundishwa na wazee wa chama, kitabuni sikulipata.

Kwa mnaotaka kurudi nyumbani na redio, tahadhari mbili. Bendi ya mita 2 Marekani ni megahezi 144 hadi 148. Huku tuko Kanda ya 1 pamoja na Ulaya, na ni 144 hadi 146 tu. Juu ya hapo wapo watumiaji wengine, na redio hizi za bei rahisi hazikukatazi kurusha pale, utakayekatazwa ni wewe, na kwa sheria. Pili, usitie mtambo kwenye sanduku kabla ya kuuliza mamlaka ya nchi yako kuhusu kibali. Leseni ya Marekani peke yake haikuruhusu kurusha ukiwa Kenya au Tanzania.

Na mkitaka kujua kama njia ya kuja huku imefunguka, msiite ovyo. Sikilizeni 5Z4B. Ni kituo cha ishara cha Kenya, kimojawapo kati ya 18 vilivyotawanywa duniani na NCDXF, taasisi ya wanaredio wa Kaskazini mwa California, pamoja na IARU. Vinapokezana kwenye megahezi 14.100, 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200, kila kimoja sekunde 10, na mzunguko mzima ni dakika 3. Kinataja jina lake kwa Morse, halafu milio mirefu minne: wati 100, wati 10, wati 1 na sehemu ya kumi ya wati. Kinapokuwa hewani na ukausikia ule wa wati 1 ukiwa Ohio, washa mtambo upesi.

Bint_Maskati

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie niko Maskati, wazee wetu walitoka Unguja. Hapa kwetu chama ni Royal Omani Amateur Radio Society, kilianzishwa 1972, na marehemu Sultani Qaboos mwenyewe alikuwa na leseni, kitambulisho chake A41AA.

Nimeona hamjataja QO-100 nami siwezi kunyamaza, maana hii ni ya kwetu na yenu, walioko Marekani hawaioni. Ndani ya setilaiti ya Qatar inayoitwa Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018, mmewekwa chombo cha redio za ridhaa. Setilaiti imekaa nyuzi 26 mashariki na haisogei, inafunika Afrika yote, Ulaya, Bara Arabu, mpaka upande wa mashariki wa Brazili. Kusikiliza unatumia dishi la kawaida la televisheni, LNB yake (kile kichwa cha kupokelea mbele ya dishi), na kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta. Sauti ziko megahezi 10,489 na ushei. Kurusha ni megahezi 2,400, na hapo ndipo leseni na ufundi vinapoingia. Ukiwa Dar es Salaam setilaiti iko zaidi ya nyuzi 70 juu, karibu utosini, kwa hiyo nyumba ya jirani haikuzibii. Haijali jua lina madoa au halina, mchana na usiku ipo.

Mwanafizikia_Mbeya

Shikamooni wakubwa. Nasoma Mbeya, hela ya vifaa sina, na sijaona klabu karibu. Naanzia wapi?

Fundi_Waya

Marahaba mdogo wangu. Anza na masikio, hayana gharama. Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kimeweka mtandaoni kipokezi ambacho mtu yeyote anafungua kwenye simu au kompyuta na kusikiliza masafa mafupi yote, kinaitwa WebSDR. Fungua megahezi 14.2 jioni, andika kila kitambulisho unachosikia na nchi yake. Mwanzoni utapata kimoja kwa dakika nyingi. Baada ya muda sikio linazoea na utawashika hata wa mbali. Aliyekuja klabuni kwetu akiwa na daftari la namna hiyo wazee walimpa redio ya kuazima siku ileile. Hata hiyo QO-100 ya dada wa Maskati ina kipokezi cha mtandaoni kilichoko Goonhilly, Uingereza.

Kingine, ongea na mwalimu wako wa fizikia na viongozi wa skauti. Kila Oktoba skauti duniani wana Jamboree ya hewani, ni sababu nzuri ya kuwakusanya watu. Kundi la wanafunzi sita na mwalimu mmoja tayari ni klabu, hata kabla ya mtambo. Muandikie TCRA barua kupitia shule, muulize masharti ya leseni ya redio za ridhaa, na mpaka mjibiwe msirushe chochote. Wakati mnasubiri jengeni antena ya futi niliyoitaja juu. Kituo cha anga cha kimataifa kinaporusha sauti kwenye megahezi 145.800, antena hiyo na kipokezi cha kawaida vinatosha kukisikia kikipita juu ya Mbeya, na wanaanga hupangiwa muda wa kujibu maswali ya wanafunzi kwa redio. Shule huomba nafasi, hupewa zamu.

Mkaazi_wa_Nyali

Mdogo wangu wa Mbeya, mkishapata barua ya kujibiwa nitumieni ujumbe humu. Tutawatafutia mtu wa kuwasomesha hata kwa simu.

Fundi, Jumamosi nitakuwa nyumbani. Tujaribu mita 10?

Fundi_Waya

Sawa kabisa. Saa moja jioni kwenu, saa tano asubuhi kwangu. Nitaita 28.450, pakiwa na watu nasogea kilohezi 5 juu. Nusu saa ikipita hatujasikiana tuhamie mita 15, 21.300. Antena nitaielekeza nyuzi 73. Babu wa Kigoma na mdogo wangu wa Mbeya, fungueni ile ya Twente kwenye masafa hayohayo. Mmoja wetu akisikika Uholanzi andikeni humu saa na nguvu ya sauti, itatusaidia kujua njia ilifungukia wapi.